Toleo la Tano Lisilofika na Siasa ya Kusubirishwa

Makala haya yanahusu programu ya kutengenezea muziki, ingawa najua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma ambao huenda hawajawahi kuigusa. Naomba mnivumilie. Mfano mdogo ulio mbali na nyumbani wakati mwingine huonyesha jambo kwa uwazi kuliko mfano mkubwa ulio karibu, kwa sababu haugusi chama cha mtu wala wizara ya mtu. Swali ninalotaka tulitazame ni hili: mtu anayengoja kitu kisicho na tarehe, kutoka kwa mtu asiyelazimika kumjibu, na ambacho hawezi kujitengenezea mwenyewe, tumwite nani? Je, ni mteja, ni mshirika, au ni mwombaji?

Programu yenyewe inaitwa Tassman. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Montreal nchini Kanada, Applied Acoustics Systems, iliyoanzishwa mwaka 1998. Toleo lake la nne lilitoka katika muongo wa kwanza wa karne hii, likasifiwa, likapata wafuasi wachache lakini waaminifu mno. Wafuasi hao wakaanza kulitarajia toleo la tano. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, ikapita miaka kumi. Kampuni iliendelea kuwa hai, ikatoa programu nyingine nzuri kama Chromaphone, ikashirikiana na Ableton ya Ujerumani kutengeneza ala zilizomo ndani ya programu mashuhuri ya Live. Tassman ikabaki pale ilipokuwa, hatimaye ikaondolewa katika bidhaa zinazouzwa. Toleo la tano halikufika.

Ili tuelewe kwa nini watu walingoja muda wote huo badala ya kununua kitu kingine, yafaa tuelewe programu ya aina hii hufanya nini. Njia iliyozoeleka ya kuifanya kompyuta itoe mlio wa ala ni kurekodi ala yenyewe, sauti moja baada ya nyingine, kisha kuzicheza rekodi hizo mtu anapobonyeza kinanda. Ipo njia nyingine ngumu zaidi: kuiga maumbile ya ala kwa hesabu. Hapa hakuna rekodi yoyote. Kompyuta hupewa milinganyo inayoeleza jinsi uzi unavyotikisika, jinsi hewa inavyosukumana ndani ya mwanzi, jinsi ngozi ya ngoma inavyojirudi inapopigwa, nayo hukokotoa mlio papo hapo. Ukibadilisha urefu wa uzi, mlio hubadilika kama ambavyo ungebadilika duniani. Ukibadilisha mahali pa kuupiga, rangi ya sauti nayo hubadilika.

Mwaka 1971 Lejaren Hiller na Pierre Ruiz walichapisha kazi ya namna hiyo juu ya uzi unaotikisika, lakini kompyuta za wakati wao zilihitaji muda mrefu kukokotoa sekunde chache za sauti. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alex Strong, wote wawili wakiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha mkato wa ajabu kwa urahisi wake. Chukua mfululizo mfupi wa namba za kubahatisha, uzungushe kama tasbihi, na kila mzunguko badilisha kila namba kwa wastani wa namba hiyo na jirani yake. Mlio mkali hufifia haraka, mlio mzito hubaki, na sikio husikia uzi uliodonolewa. Kompyuta ikitoa namba 44,100 kwa sekunde na mzunguko ukiwa na namba 100, utasikia noti ya takribani mitikisiko 440 kwa sekunde, yaani ile ambayo wapiga fidla huitumia kulinganishia nyuzi zao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika kanuni hiyo kabla ya chai ya saa nne. Julius Smith wa Stanford aliiendeleza nadharia yake, na mwaka 1994 Yamaha ya Japani ikatoa sinthesaiza ya VL1 iliyojengwa juu ya elimu hiyo kwa leseni ya hataza za chuo.

Tassman iliichukua elimu hii ikaivunja vipande. Mtumiaji hakupewa ala iliyokamilika, alipewa karakana. Kulikuwa na moduli ya uzi, moduli ya bamba, ya ngozi ya ngoma, ya bomba, ya nyundo, ya upinde. Aliziunganisha atakavyo: nyundo ipige uzi, mlio wa uzi upite katika bamba la chuma, bamba litikise bomba. Waliodumu na programu hiyo kwa miaka walikuwa wamejenga ala ambazo hazikuwahi kuwapo duniani, wakajifunza kuzicheza, wakatunga muziki usioweza kuchezwa kwa ala nyingine.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Aliyejenga ala yake kwa rekodi, programu ikifa, hubaki na rekodi. Aliyejenga ala yake kwa moduli za programu iliyofungwa hubaki na faili lisilosomeka. Faili hilo linasema tu kwamba nyundo fulani imeunganishwa na uzi fulani. Namna uzi huo unavyokokotolewa imo ndani ya msimbo ambao mtumiaji hana haki ya kuuona. Linganisha na ilimba ya Wagogo, ala ambayo marehemu Hukwe Zawose aliisikizisha dunia. Ulimi mmoja wa chuma ukivunjika, fundi huutazama, hufua mwingine, huulinganisha kwa sikio. Haombi ruhusa ya aliyeichonga ilimba hiyo, wala hangoji aamke. Umbile la ala liko wazi mbele ya macho, na uwazi huo ndio unaoiwezesha kuishi kuliko mwenyewe.

Programu ina adui ambaye ilimba haina: ardhi inayohama chini yake. Mwaka 2006 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye vichakato vya Intel badala ya PowerPC. Baadaye dunia nzima ya kompyuta ikahama kutoka biti 32, ambazo haziwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, kwenda biti 64. Oktoba 2019 Apple ikatoa mfumo endeshi wa Catalina ambao haukubali kabisa programu za biti 32. Mwaka 2020 ikahama tena, kutoka Intel kwenda vichakato vyake yenyewe. Kila hatua kati ya hizi huilazimisha programu iandikwe upya kwa sehemu. Programu isiyosasishwa haibaki ilivyo kama kitabu kinavyobaki rafuni. Hufa taratibu ikiwa mahali pale pale, bila mtu kuigusa. Kwa hiyo aliyengoja toleo la tano hakuwa akingoja mapambo. Alikuwa akingoja kazi yake ya miaka iokolewe.

Nataka kuwa mwadilifu kwa kampuni hiyo. Sina ugomvi nayo. Ni kampuni ndogo; ililazimika kulipa mishahara, na karakana ya moduli huwavutia wachache kuliko ala iliyokamilika. Kuamua kuacha bidhaa isiyolipa ni haki ya mfanyabiashara yeyote, na programu walizozitoa badala yake zimewafaa wanamuziki wengi. Ukimlaumu mwenye duka kwa kufunga duka, utakuwa umemwonea. Swali langu haliwahusu watu wa Montreal peke yao. Linahusu kanuni tulizozikubali sote, zinazomwezesha mtu mmoja kufunga duka na kwa kitendo hicho kufunga pia nyumba za wateja wake.

Kanuni hizo zina majina. Makubaliano ya TRIPS ya Shirika la Biashara Duniani yanasema kwamba hataza hudumu walau miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa, kisha maarifa yaliyomo huwa mali ya wote. Ndiyo maana kanuni ya Karplus na Strong leo inafundishwa na kutumiwa na kila apendaye. Lakini makubaliano hayo hayo, katika kifungu cha 10, yanailinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi chini ya Mkataba wa Berne, na Mkataba huo unataka kazi ilindwe kwa uhai wote wa mtunzi na miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Muda huo ulifikiriwa kwa ajili ya vitabu. Kitabu kikiacha kuchapishwa, nakala zilizoko maktabani huendelea kusomeka. Mjukuu atasoma alichosoma babu. Programu haifiki hata miaka 20 kabla ya kuhitaji mkono wa fundi. Tumeipa sheria ya kitabu kazi yenye umri wa kandili, na matokeo yake ni kwamba siku ulinzi utakapokwisha hapatakuwa na kitu cha kurithi. Umma uliahidiwa urithi ili ukubali ulinzi. Katika programu zilizofungwa, ahadi hiyo haitekelezeki.

Wapo watakaoniambia kwamba dawa inajulikana: programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inaruhusu kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Katika uwanja huu wa sauti dawa hiyo ipo kweli. Csound, iliyoandikwa na Barry Vercoe huko MIT mwaka 1986, ingali hai, na ndani yake kuna uzi wa Karplus na Strong kwa yeyote autakaye. SuperCollider ya James McCartney ilitoka mwaka 1996 ikiwa bidhaa ya kuuzwa; mwaka 2002 mwandishi wake aliiachia chini ya leseni huria, na jamii ya watumiaji ikaibeba hadi leo. Mfano huu wa pili naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha kwamba kampuni au mtu anayechoka si lazima azike alichokitengeneza. Anaweza kukikabidhi.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba uhuria huondoa kungoja. Programu huria ya picha iitwayo GIMP ilitoa toleo la 2.10 Aprili 2018. Toleo la 3.0 lilifika Machi 2025, karibu miaka saba baadaye. Waliongoja walichoka na kulalamika kama wanavyochoka watu wote. Lakini kulikuwa na tofauti kubwa. Katika miaka hiyo saba, yeyote aliweza kuona ni nini kilikwisha kufanywa na ni nini kilibaki. Aliyejua aliweza kusaidia. Asiyejua aliweza angalau kujua sababu. Matoleo ya majaribio yalikuwa wazi kwa anayetaka kuyajaribu. Kungoja huko kulikuwa na dirisha.

Kwa hiyo natofautisha kungoja na kusubirishwa. Anayengoja mvua anajua mvua haina ofisi. Anayengoja jirani amalize kisima anaweza kwenda kuchungulia kina, na akiona kazi imekwama atachukua jembe. Anayesubirishwa hana la kuchungulia wala jembe la kuchukua. Kilichobaki kwake ni kutafsiri ukimya. Atasoma kila tangazo dogo kama ishara. Atamtetea anayemsubirisha, kwa kuwa kukiri kwamba hakuna kinachokuja ni kukiri kwamba miaka yake imepotea. Wanafunzi wangu wa siasa wataitambua hali hii bila mimi kuitaja. Wahenga walisema subira huvuta heri, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi hazipingani. Ya kwanza yahusu mwenye uwezo wa kuondoka. Ya pili yahusu asiye nao.

Sasa nirudi nyumbani, maana huku ndiko somo linakouma. Katika idara moja niliyopata kufanya kazi zamani, ambayo sitaitaja, matokeo ya mitihani ya miaka kadhaa yalihifadhiwa katika programu iliyonunuliwa kwa msambazaji aliyeacha kujibu barua. Programu hiyo ilikubali kufanya kazi katika kompyuta moja tu, kuukuu, iliyowekwa pembeni na kubandikwa karatasi: isizimwe. Mhitimu aliyehitaji nakala ya matokeo yake ili apate kazi aliambiwa arudi wiki ijayo, kisha wiki ile nyingine. Karani aliyemwambia hivyo hakuwa mvivu wala mla rushwa. Naye alikuwa akisubirishwa. Kusubirishwa hushuka ngazi: msambazaji humsubirisha mkuu, mkuu humsubirisha karani, karani humsubirisha mwananchi, na mwananchi asiye na wa kumsubirisha hukosa kazi.

Lakini huku huku nyumbani tunayo mifano ya njia nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Haukungoja mwenye mali aone kwamba Kiswahili kina soko. Leseni ilikwisha kuruhusu, nao wakatafsiri. Mfumo wa DHIS2 wa takwimu za afya, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ni huria pia. Kenya ilikamilisha kuueneza nchini kote mwaka 2011, na Tanzania nayo inautumia, huku wataalamu wa Dar es Salaam wakiwa miongoni mwa walioukuza. Siusifu bila kikomo. Fedha nyingi za kuuendeleza hutoka kwa wafadhili wa nje, na msimbo ulio wazi hauna faida kwa nchi isiyofundisha watu wa kuusoma. Karakana ikiwa wazi na mafundi wakiwa hakuna, tofauti yake na karakana iliyofungwa ni ndogo. Ila tofauti hiyo ndogo ndiyo mahali pa kuanzia: fundi anaweza kufundishwa, lakini kufuli la mwenzio hulifungui kwa elimu.

Basi tufanye nini? Natoa mapendekezo matatu, kila moja kwa kundi lake.

Kwanza, kwa watumishi wa umma wanaoandika mikataba ya ununuzi. Kabla ya kuuliza bei, ulizeni programu hii itakufaje. Takwimu zetu zitatoka kwa umbizo gani ambalo programu nyingine inaweza kulisoma? Msambazaji akifunga ofisi, nani atakuwa na msimbo? Ipo desturi inayojulikana ya kuuweka msimbo amana kwa mtu wa tatu, ili mnunuzi aupate iwapo muuzaji atafilisika au kuitelekeza bidhaa. Desturi hiyo si ngeni, na kuiandika ni suala la kifungu kimoja. Asiyekubali kifungu hicho amekwisha kukuambia jinsi atakavyokutendea.

Pili, kwa wanaharakati. Tumezoea kudai haki ya kupata habari. Tudai pia haki ya kurekebisha. Hoja iliyo mbele yetu ni nyepesi kueleweka hata kijijini: aliyekiacha kitu asimzuie mwingine kukiokota. Mwenye programu anayeendelea kuiuza na kuihudumia abaki na haki zake zote. Akiacha kuiuza na kuihudumia kwa miaka kadhaa, watumiaji waruhusiwe kisheria kuifungua ili waokoe kazi zao wenyewe. Idadi ya miaka tuibishanie. Kanuni yenyewe sioni ni nani ataipinga kwa uso mkavu.

Tatu, kwa wanafunzi, hasa mnaotunga muziki, mnaochora na mnaoandika kwa kompyuta. Sisemi msitumie programu zilizofungwa. Nyingine ni bora mno, na uzuri wa Tassman ulikuwa wa kweli. Nasema tu kwamba msizikabidhi nakala pekee. Rekodini milio ya ala mliyoibuni ingali inalia. Andikeni kwa maneno, katika daftari la kawaida, jinsi mlivyoiunganisha: nyundo ya ugumu gani, uzi wa urefu gani, bamba lilikaa wapi. Siku programu itakapokoma, mwenye maelezo hayo ataweza kuijenga ala yake upya kwa zana nyingine, kwa kuwa fizikia ya uzi haina hakimiliki. Asiye nayo atabaki na faili na kumbukumbu.

Wale waliolingoja toleo la tano hawakuwa wapumbavu. Walipenda kitu kizuri, wakakifanyia kazi kwa bidii, na mapenzi yao yakawa kamba ya kuwafungia. Wajibu wetu, tunaofundisha, tunaotunga sera na tunaosaini mikataba, ni kuhakikisha kwamba mtu akikipenda chombo chake cha kazi haadhibiwi kwa kukipenda. Na kila mkataba wa programu utakaowekwa mezani mwenu wiki hii utakuwa, ama hatua ya kuelekea huko, ama kompyuta nyingine ya kubandikwa karatasi.